Debe la Uhuru: Kuisoma Namba 34 Tukiwa Kirando

Tarehe 28 Oktoba 2020 nchi yetu ilipiga kura. Kati ya majimbo 264, CCM ilishinda 256. Chadema, chama kilichokuwa kikubwa kuliko vyote vya upinzani, kilipata jimbo moja tu, na jimbo hilo ni letu, Nkasi Kaskazini. Aida Khenani alimshinda Ally Keissy wa CCM, aliyekuwa mbunge tangu 2010. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2021, shirika la Freedom House lenye makao yake Washington lilitoa ripoti yake ya kila mwaka kuhusu uhuru duniani, na ndani yake Tanzania ilipewa pointi 34 kati ya 100. Katika ripoti ya 2020 tulikuwa na 40, na katika ile ya 2018 tulikuwa na 52.

Kwa hiyo sisi wa Kirando tunaisoma namba hiyo tukiwa mahali pa pekee. Mwaka uleule ambao uhuru wa nchi ulihesabiwa kuwa umeporomoka, kura za jimbo letu zilihesabiwa na mpinzani akatangazwa. Je, namba imekosea? Au sisi tulibahatika tu? Hatuandiki kumsifu aliyeshinda wala kumlaumu aliyeshindwa. Wasomaji wa kitabu hiki wako katika vyama vyote, na wengi hawana chama. Tunaandika kwa sababu kupima ni jambo ambalo Maandiko Matakatifu yanalitaja mara nyingi kuliko tunavyodhani, na kwa sababu tarehe 27 Novemba 2024 tulichagua tena wenyeviti wa vijiji na vitongoji.

Namba hiyo inapotajwa, iwe kwenye jumuiya baada ya sala au mwaloni watu wakisubiri mitumbwi, hupata majibu mawili. Wa kwanza husema, hizo ni namba za Wazungu, wanatupangia madaraja kama wanafunzi wao. Wa pili husema, mmeona sasa, hata dunia inajua. Majibu yote mawili yana kasoro moja: hakuna aliyeifungua ripoti akaona kilichopimwa. Tuifungue basi.

Ina maswali 25. Kumi yanahusu haki za kisiasa na kumi na tano yanahusu uhuru wa raia. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, ndiyo maana haki za kisiasa zina pointi 40 na uhuru wa raia pointi 60. Yanaulizwa mambo kama haya: Je, kiongozi mkuu wa nchi alipatikana kwa uchaguzi wa haki? Je, upinzani una nafasi ya kweli ya kushika madaraka kwa njia ya kura? Je, rushwa inadhibitiwa? Je, mahakama ziko huru? Je, mtu anaweza kusema analofikiri kuhusu siasa bila kuogopa kufuatiliwa au kulipiziwa kisasi? Je, anaweza kuhamia anakotaka, na kuchagua wa kuoana naye?

Swali moja linatugusa sisi moja kwa moja. Linauliza kama watu wako huru kuishi na kuitangaza dini yao, au kutokuwa na dini. Hesabu ni rahisi: dini ina pointi 4 kati ya 100. Wapo Wakristo ambao kwao hizo 4 ndizo mia yote. Maadamu kengele inalia Jumapili na maandamano ya Ekaristi yanapita barabarani bila kuzuiwa, basi nchi iko huru na wanaolalamika ni wachochezi. Ripoti inatunyima faraja hiyo, na tunadhani inafanya vyema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulipotoa tamko lake kuhusu uhuru wa dini mwezi Desemba 1965, uliujenga uhuru huo juu ya hadhi ya kila binadamu, haukuujenga juu ya upendeleo kwa Kanisa. Mwandishi wa habari anayeogopa kuandika ana hadhi ileile aliyonayo padre anayehubiri.

Sasa tumjibu anayesema ni namba za Wazungu. Mkulima wa Ufipa anaijua lumbesa vizuri. Ni lile gunia lililojazwa likapita mdomo wake, likaongezewa kichwa juu, na bado mnunuzi analilipia kama gunia moja. Mkulima anayelalamikia lumbesa hajali mizani ilitengenezwa nchi gani. Anachotaka kujua ni kama mizani inasema kweli na kama ina muhuri wa Wakala wa Vipimo. Mizani zinazopimia migebuka na dagaa kwenye mialo yetu hazikutengenezwa Nkasi, na hakuna aliyewahi kuzikataa kwa sababu hiyo. Nabii Amosi alipowakemea wafanyabiashara wa Israeli, kosa lao lilikuwa kupunguza kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa jiwe la kupimia fedha. Wenye haraka ya kuikataa mizani sokoni mara nyingi ni wale waliozoea lumbesa.

Hata hivyo, swali la muhuri ni la haki. Nani anaikagua mizani ya Freedom House? Sehemu kubwa ya fedha zake imekuwa ikitoka serikali ya Marekani, na jambo hilo lisifichwe. Tena kipimo hiki kilipoanza mwaka 1972, kwa miaka mingi kilikuwa karibu kazi ya mtaalamu mmoja, Raymond Gastil, aliyezipa alama nchi za dunia nzima akiwa mezani kwake. Leo wachambuzi ni zaidi ya mia moja, na alama wanazopendekeza hujadiliwa na washauri kabla ya kupitishwa, lakini bado ni watu wachache wanaoamua juu ya mamilioni.

Lakini kuna mambo mawili yanayomtetea mpimaji huyu. Marekani yenyewe, nyumba anamokaa, ilishushwa na ripoti zake kutoka pointi 94 mwaka 2010 hadi 83 miaka kumi baadaye. Mwenye mizani anayejipunja mwenyewe ana haki ya kusikilizwa kidogo. Na wapo wapimaji wengine wenye fedha nyingine. Mradi wa V-Dem wa Chuo Kikuu cha Gothenburg huko Sweden hutumia njia tofauti kabisa, nao katika miaka ileile uliiona Tanzania ikielekea chini. Mizani mbili za maduka mawili zikionyesha mzigo umepungua, mwenye mzigo ashughulike na mzigo.

Pale tunapoona ripoti hii inajiharibia ni mwishoni, inapoacha namba na kubandika majina. Kila nchi huitwa huru, au huru kiasi, au si huru. Katika ripoti ya 2021 Tanzania ilikuwa na 34. Uganda nayo ilikuwa na 34. Tanzania ikaitwa huru kiasi, na Uganda ikaitwa si huru. Msomaji atadhani ni upendeleo, lakini ukifuatilia hesabu utaona ni kanuni tu. Tanzania ilikuwa na 12 kwenye haki za kisiasa na 22 kwenye uhuru wa raia. Uganda ilikuwa na 11 na 23. Kwenye haki za kisiasa, pointi 12 hadi 17 ni daraja moja, na 6 hadi 11 ni daraja la chini yake, na wastani wa madaraja ndio unaotoa jina. Pointi moja, kwenye swali moja kati ya yale kumi, ndiyo iliyotutenga na jirani zetu. Kama mchambuzi mmoja angeandika 1 mahali alipoandika 2, sisi nasi tungeitwa si huru, na hotuba nyingi zingebadilika.

Namba zilikuwa zinasema kweli kwa unyenyekevu: nchi hizi mbili zinafanana sana. Jina likaja likasema uongo kwa sauti kubwa. Na kwa kuwa watu husikia jina na kusahau namba, kilichofika kwetu ni uongo.

Madaraja ya nchi, ya kwanza hadi ya mwisho, yana ugonjwa mwingine. Shirika la Waandishi Wasio na Mipaka la Ufaransa, linalopima uhuru wa habari, liliiweka Tanzania nafasi ya 143 mwaka 2023, kisha nafasi ya 97 mwaka 2024. Kuna mambo yaliyolegezwa kweli, hatukatai. Lakini nafasi si kipimo cha mtu mwenyewe. Wenzako wakianguka, wewe unapanda ukiwa umesimama palepale. Mama muuza dagaa hawezi kusema debe lake limejaa kwa sababu tu la jirani limemwagika.

Hapo ndipo kulinganisha kunapogusa imani yetu, kwa sababu sisi wa mwambao tuna kishawishi kinachojulikana. Ng'ambo ya ziwa letu ni Moba, Kongo. Kaskazini ni Burundi. Nchi zote mbili kwenye ripoti hiyo zimekuwa chini ya pointi 25, na hatuhitaji Washington kutuambia. Tumewaona waliovuka usiku na watoto na vyungu. Makazi ya Katumba na Mishamo, hapo jirani Katavi, yaliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na mwaka 2014 zaidi ya laki moja na nusu kati ya watu wa kundi hilo walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Ni jambo la kujivunia, na ni ajabu kwamba namba moja ya jumla hailionyeshi kwa uzito wake. Lakini kutoka kwenye shukrani hiyo, ulimi huteleza upesi hadi kwenye maneno ya "sisi afadhali". Sala ya Farisayo katika Injili ya Luka ilikuwa ripoti ya kulinganisha. Alijipima kwa mtoza ushuru aliyesimama nyuma, akajikuta yuko juu, akaenda nyumbani ameridhika. Nchi inayojipima kwa Kongo kila inapoulizwa kuhusu magereza yake inasali sala ileile.

Tuseme neno kuhusu hilo "huru kiasi", maana mwambao huu una kumbukumbu yake. Misafara ya watumwa ilipita hapa. Daktari katekista Adrian Atiman, ambaye wazee wa Karema waliomjua wameacha habari zake kwa watoto wao, alichukuliwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akanunuliwa na Wamisionari wa Afrika akawekwa huru, akasomea utabibu Malta, na tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956 aliwatibu watu wa Karema. Kwake mtu alikuwa mtumwa au hakuwa. Hapakuwa na kiasi. Na bado mtu huyo huru alikufa miaka mitano kabla ya Uhuru, akiwa ametawaliwa na Wajerumani na Waingereza ambao hakuwachagua. Ukimpima kwa maswali kumi ya haki za kisiasa, angepata karibu sifuri. Tunamtaja kwa sababu wahubiri wengine hupenda kusema uhuru wa kweli ni wa moyoni, halafu wanaishia hapo. Atiman alikuwa nao huo wa moyoni. Haimaanishi kwamba ule mwingine haukumstahili.

Turudi kwa mpimaji, kwenye kasoro ambayo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko ile ya majina. Katika sura ya 12 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mzee Samweli anakaribia kung'atuka. Anasimama mbele ya watu wote na kuwataka washuhudie dhidi yake: ng'ombe wa nani amemchukua, punda wa nani, nani amemdhulumu, kwa mkono wa nani alipokea rushwa akafumba macho. Anaahidi kurudisha. Hakuna orodha ya maswali ya utawala bora inayoizidi hiyo kwa ufupi. Lakini angalia anamuuliza nani. Haulizi wataalamu wa Misri. Anawauliza waliotawaliwa, hadharani, akiwa hai na wao wakiwa hai.

Freedom House haiwaulizi waliotawaliwa. Mchambuzi husoma magazeti, husoma ripoti za mashirika, huzungumza na wajuzi. Kinachoandikwa Dar es Salaam na Dodoma kinamfikia. Cha Kirando kinamfikia kikiwa kimechoka. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Huenda ni uamuzi wenye busara. Kwa mvuvi wa hapa, hata hivyo, swali zito la siasa la mwaka ule lilikuwa humo: tuliulizwa lini, kwa njia gani, na jibu letu lilibadilisha nini? Ni swali la uhuru kama la uchaguzi. Katika pointi mia, sijui mahali pake, labda limejificha kwenye swali la uwazi wa serikali, likishindana na mambo mia mengine.

Basi mtu atasema, waulizwe wananchi wenyewe. Wapo wanaofanya hivyo. Afrobarometer, mtandao wa watafiti wa Kiafrika ulioanza mwaka 1999, huwatuma watu nyumba kwa nyumba, nchini kwetu hadi kwa wananchi 2,400, wakiuliza kwa Kiswahili kama watu wanalazimika kuwa waangalifu wanaposema kuhusu siasa. Mwishoni mwa mahojiano wana swali moja linalotupendeza kwa unyofu wake: unadhani ni nani aliyetutuma? Maana wanajua kwamba anayedhani ametumwa na serikali atajibu kama anayeongea na serikali. Hofu ikiwepo, inaingia ndani ya kipimo cha hofu na kukipunguza. Mahali ambapo watu wameogopa kweli, utaambiwa hakuna anayeogopa. Hata kwa Samweli tunaweza kujiuliza: nani angethubutu kunyanyua mkono siku ile? Ndiyo maana alimwita Mungu awe shahidi. Alijua ushuhuda wa watu peke yao hautoshi.

Nasi tunao mfano wetu. Mwaka 2018 taasisi ya Twaweza ilitangaza matokeo ya utafiti wake wa maoni: walioridhika na utendaji wa Rais walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, na sasa ni 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia ikaiandikia barua kuihoji kuhusu kibali cha utafiti huo, na mkurugenzi wake akanyang'anywa hati ya kusafiria. Mwezi Septemba mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa, ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopinga zile rasmi, hadi iliporekebishwa tena mwaka 2019. Kwa maoni yetu, aliyetaka kujua hali ya uhuru mwaka ule hakuhitaji ile 55. Kilichoupata utafiti kilikuwa kipimo tosha. Na asilimia 55, tukumbuke, bado ni zaidi ya nusu! Viongozi wengi duniani wangeifanyia sherehe.

Lakini wingi nao si hakimu wa mwisho, na hapa historia yetu ina somo ambalo Washington wangeweza kujifunza. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza kama tuendelee na chama kimoja. Takriban watu wanane katika kila kumi walisema ndiyo, tuendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaja. Wapo wanaosema hadi leo kwamba wananchi walipuuzwa. Sisi tunaona tume ilifanya jambo gumu na la haki. Wale wawili katika kumi walikuwa wanaomba nafasi ya kuwapo, na nafasi ya mtu kuwapo haipigiwi kura na wenzake wanane. Wale wanane hawakupoteza chochote, chama chao kiliendelea kuwa chama chao, tena kikashinda. Hivyo, ukiuliza watu pekee unaweza kuwakosa wachache, na ukiuliza wataalamu pekee unawakosa wote. Katika miaka ya chama kimoja Freedom House ilituweka kwenye fungu la wasio huru, na wazee waliohamishwa kwa nguvu wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974 wanaweza kukubaliana nayo. Wazee haohao watakuambia pia kwamba katika miaka hiyo walijifunza kusoma, na kwamba Mwalimu alipong'atuka mwaka 1985 hakusukumwa na mtu. Namba moja haibebi yote mawili.

Kanisa nalo limewahi kupima, bila pointi. Kwaresima ya 2018 maaskofu wetu Katoliki walitoa barua ya kichungaji, na Pasaka ya mwaka huohuo maaskofu wa Kilutheri wakatoa ya kwao, "Taifa Letu, Amani Yetu". Zote zilisema wazi kwamba shughuli za siasa zinabanwa na kwamba watu wanaingiwa na hofu. Mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa tangu 2016, na ilikuja kuruhusiwa tena Januari 2023. Ukizilinganisha barua hizo na ripoti ya Freedom House iliyohusu mwaka huo, iliyotushusha kutoka 52 hadi 45, utaona zinatazama jambo moja. Tofauti ni kwamba maaskofu walizungumza na ndugu zao, kwa jina, katika nyumba wanamokaa wote, na kuna gharama mtu hulipa akisema hivyo ambayo mchambuzi wa mbali hailipi. Kasoro ya barua ni kwamba hazirudi kila mwaka. Ripoti hurudi, hata mwaka ambao hakuna anayetaka kuisikia, na kwa hilo tunaiheshimu.

Je, Nkasi Kaskazini, basi? Tunasema hivi. Jimbo letu halithibitishi kwamba 34 ni uongo. Jimbo 1 katika 264 haliwezi kubeba nchi. Atakayelitumia kufunga midomo ya wengine anatuweka kwenye dirisha la duka kama bidhaa ya maonyesho. Lakini jimbo letu linathibitisha jambo ambalo ripoti haina mahali pa kuliandika: kwamba hata katika mwaka ule, matokeo ya namna ile yaliwezekana. Kura hailindwi na pointi. Inalindwa na msimamizi wa kituo, na mawakala wa vyama, na askari wa zamu, na karani anayejumlisha. Hawa si wageni. Mwalimu anayesimamia kituo siku ya Jumatano ndiye anayeimba besi kwaya ya Jumapili. Karani ni mwenyekiti wa jumuiya. Wakala wa chama tulimbatiza sisi. Ripoti ikiandika kwamba uchaguzi ulikuwa wa haki au haukuwa, mahali fulani chini ya sentensi hiyo kuna muumini aliyesaini fomu yenye hesabu sahihi, au aliyesaini nyingine.

Hivyo tunaomba jambo dogo kutoka kwa mapadre na makatekista wetu kabla ya uchaguzi. Tusihubiriwe amani peke yake, kana kwamba hatari pekee ya uchaguzi ni vurugu za vijana. Katika uchaguzi wa vijiji na mitaa wa 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kabla ya kura, vyama vyao vikasusia, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Kulikuwa na amani kubwa. Ahubiriwe pia anayepokea fomu za wagombea, kwamba fomu iliyokosewa herufi moja ya jina isiwe sababu ya kumfuta jirani yake. Ahubiriwe anayehesabu. Asomewe Walawi 19, pale Mungu anapotaka mizani za haki na vipimo vya haki, na aambiwe kwamba debe la kura ni mojawapo.

Na jumuiya zetu ndogo ndogo zianze kwao. Tumeshuhudia viongozi wa jumuiya wakipatikana kwa kunyoosha mikono mbele ya yuleyule anayechaguliwa, na mapato na matumizi yakisomwa haraka Misa ikiwa imekwisha na watu wako mlangoni. Yachukueni maswali manne ya Samweli, mwenyekiti ayasome mwenyewe kila mwisho wa mwaka, na majibu yatolewe kwa karatasi zisizo na majina.

Ripoti nyingine itakuja. Ile ya 2024 ilitupa 36. Itakapofika, tunapendekeza jina lililobandikwa liachwe kwanza, na jumla iachwe kwanza, na nafasi ya Kongo na Uganda iachwe kwanza. Tufungue pale penye swali la mtu kusema maoni yake bila hofu, tusome aya iliyoandikwa chini yake, kisha tuzungumze kama ni kweli kwa Kirando. Tukiona tunapunguza sauti wakati wa kuisoma, tuiandike hiyo pembeni ya ukurasa.